Usiku si Dhambi

Ijumaa usiku, ukipita mitaa ya Likuni au Kawale hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, utasikia makanisa matatu au manne yakikesha kwa wakati mmoja. Huku kinanda, kule ngoma. Mhubiri mmoja anaita kwa Kiswahili, mwingine kwa Kirundi na mkalimani wake akimfuata nyuma. Ukitega sikio kwenye maombi yenyewe, adui anayetajwa ni yuleyule kila mahali: nguvu za giza. Giza limezuia faili la familia fulani isisafiri kwenda Kanada. Giza limekausha biashara. Giza limemfunga binti wa watu asipate mume. Linakemewa, linafungwa minyororo, linatupwa baharini, na alfajiri kila mtu anajifunga kitenge chake na kurudi nyumbani.

Nimekesha mikesha hiyo tangu nilipofika Malawi kutoka Uvira, Kongo, na nitaendelea kukesha maadamu Mungu ananipa pumzi. Nayapenda maombi ya usiku kuliko ya mchana. Lakini kuna jambo linaloniuma nami nataka kulisema waziwazi: tunalikemea giza mahali lisipokuwepo, na mahali lilipo tunalikaribisha, tunalipa kiti cha mbele.

Nianze na usiku wenyewe, kwa kuwa wengi wanauchanganya na giza la rohoni. Nyumba nyingi za Dzaleka hazina umeme. Saa moja jioni mitaa yetu imeshakuwa myeusi, na mwanga uliopo ni wa makaa kwenye mbaula, wa taa ndogo za sola na wa tochi za simu. Hata Lilongwe, mji mkuu, kilomita 40 hivi kutoka hapa, inaujua usiku wa namna hii. Januari 2022 kimbunga Ana kilipoharibu bwawa la umeme la Kapichira kwenye mto Shire, nchi ilipoteza karibu theluthi moja ya umeme wake, na familia za mtaa wa Area 25 zilikula chakula cha jioni kwa mshumaa kama sisi. Watu wa mjini walijua sababu: mafuriko yamebomoa bwawa. Hawakuambiwa kwamba wametenda dhambi. Kwa nini basi mkimbizi anayelala bila taa aambiwe kwamba giza limemwandama?

Kitabu cha Mwanzo kinaanza na Mungu akiitenga nuru na giza, kisha akaupa usiku nafasi yake na mipaka yake, na siku ya nne akaweka mwezi na nyota ziutawale. Usiku una mwenyewe. Ukisoma kwa makini utaona mambo mangapi makubwa ya imani yetu yalitokea jua likiwa limezama. Abrahamu alionyeshwa nyota. Yakobo alishindana hadi alfajiri akapata baraka na kilema kwa pamoja. Katika Kutoka 20 watu walisimama mbali kwa hofu, lakini Musa alilikaribia giza nene kwa sababu humo ndimo Mungu alimokuwa. Nikodemo alikuja usiku, na Bwana hakumkaripia kwa saa aliyoichagua, alimkalisha akamfundisha. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane, miguu ikiwa kwenye mikatale, katika gereza la Filipi. Na msalabani, tangu saa sita hadi saa tisa, nchi ilitiwa giza, na katika saa hizo tatu wokovu wetu ulikuwa unatendeka. Mwombaji wa Zaburi ya 139 alikwisha kulijua hilo: kwa Mungu usiku hauzuii kitu, anaona humo kama mchana.

Katika masomo ya Wajesuiti hapa kambini, ambako nilisoma nikiwa tayari mama mtu mzima, mwalimu alituletea habari za mtawa mmoja Mhispania, Yohane wa Msalaba. Mimi ni Mpentekoste, sikuwahi kumsikia. Desemba 1577 ndugu zake wa shirika lake mwenyewe walimkamata kwa sababu alitaka kulirekebisha, wakamfungia katika chumba kidogo huko Toledo. Chumba kilikuwa chembamba, hewa nzito, mwanga ukiingia kwa upenyo wa juu tu. Alikaa humo karibu miezi tisa, mpaka Agosti 1578 alipotoroka. Katika chumba hicho alianza kutunga mashairi ambayo Wakristo wanayasoma hadi leo, na baadaye aliandika kwamba kuna usiku ambao Mungu mwenyewe humpitisha mtu anayempenda, ili amtoe kwenye vitegemeo vyake vyote. Nilipotoka darasani siku ile nilitazama kuta za zamani za mahali hapa, mahali palipokuwa gereza kabla hapajawa kambi, nikashukuru kwamba nimepata mwenzangu katika imani ambaye hakuutukana usiku.

Ninasisitiza hili kwa sababu ya maumivu niliyoyaona kwa macho yangu. Mama mmoja jirani yangu alifiwa na mtoto kwa malaria. Siku ya matanga akaja mhubiri mgeni, akazunguka nyumba, akasema humu ndani kuna giza, mtafuteni mchawi. Yule mama alikuwa ametoka kufukia mwanawe udongoni, na sasa aliachiwa hofu juu ya huzuni, na macho ya kumtazama mama mkwe wake kwa shaka. Mtoto alikufa kwa malaria. Dawa ilichelewa, chandarua kilikuwa kimechanika. Wanawake waliokuja kukaa naye mkekani, wakampikia uji, wakalala pale bila kusema neno, hao ndio walioleta nuru katika nyumba ile, na hawakuona giza lolote la kukemea. Waliona mama aliyefiwa.

Njaa, ugonjwa, kukataliwa safari, msaada wa chakula unaopunguzwa kila wafadhili wanapopunguza fedha, kambi iliyokusudiwa watu 10,000 au 12,000 na sasa ina zaidi ya 50,000: huo ni usiku wetu. Ni mzito, na tuna haki ya kumlilia Mungu na kuwadai wenye mamlaka. Lakini hautufanyi kuwa watoto wa giza. Anayemhubiria maskini kwamba umaskini wake ni giza la rohoni anamwibia kitu cha mwisho alichobakiwa nacho, yaani uhakika kwamba Mungu yuko upande wake.

Giza lenyewe, basi, liko wapi?

Jibu alilotoa Bwana Yesu alilitoa kwa Nikodemo huyohuyo aliyekuja usiku. Atendaye maovu, alimwambia, huichukia nuru kwa kuwa inamfunua. Anabaki mbali nayo ili matendo yake yasionekane. Ayubu 24 inasema hivyo hivyo juu ya muuaji, mzinzi na mwizi: wanasubiri jioni, wanajifunika uso. Giza, kwa hesabu ya Biblia, ni mtu kuchagua kutoonekana. Mtume Yohana, katika waraka wake wa kwanza, anampima anayejidai kukaa nuruni kwa kipimo kimoja: ndugu yake yuko salama moyoni mwake au hayuko? Kama hayuko, mtu huyo hata njia yake mwenyewe haioni, hata akiwa amekesha siku saba.

Wazee wetu wa imani katika nchi za Maziwa Makuu walilijua somo hili. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na mpaka kwetu Kongo. Desturi yake kubwa ilikuwa kutembea nuruni. Mtu alisimama mbele ya ndugu akataja alichoiba, kisha akakirudisha. Mume aliyemdanganya mkewe alisema. Mmisionari mzungu aliyemdharau mtenda kazi mwenzake Mwafrika alimwomba msamaha mbele ya watu, jambo ambalo katika siku za ukoloni lilikuwa geni kabisa. Bibi yangu aliokoka katika moto huo. Mpaka anazeeka hakuweza kuketi kula na mtu waliyekosana naye kabla hawajayamaliza. Alikuwa tayari chakula kipoe.

Na bado historia inatuuliza swali ambalo wahubiri wetu wanalikwepa. Rwanda, nchi ya Gahini, ndiyo nchi ambayo mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa waliyokimbilia: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Waliouawa walikuwa wamebatizwa. Wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Uamsho haukuwa wa uongo; wapo waamini waliokufa kwa kuwaficha majirani zao, na hao ni mashahidi wa Kristo. Ninachokiona ni kwamba toba yetu ilizoea kushughulika na dhambi zinazoweza kubebwa na mtu mmoja: pombe, uzinzi, jembe la kuiba. Chuki ya kabila zima dhidi ya kabila jingine haikupata wa kusimama akaitaja, kwa kuwa kila mmoja aliihesabu kuwa dhambi ya upande wa pili. Ilikaa chini ya benchi la kanisa, watu wakiimba juu yake.

Sisi wa Kivu ya Kusini hatuna pa kuwanyooshea Wanyarwanda kidole. Mimi natoka upande unaoikumbuka Makobola. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998, kwa siku chache za mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka mpya, mamia ya raia waliuawa katika kijiji hicho kusini mwa Uvira, na sisi tunayo majina ya watu wetu tunayoyataja kila Krismasi ikipita. Katika kanisa letu hapa Dzaleka wapo pia Banyamulenge, Watutsi wa Kongo. Wao wanaikumbuka Gatumba, kambi ya wakimbizi nchini Burundi, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Uvira, ambako usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 zaidi ya watu 150 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Kwa miaka mingi sisi tuliombea Makobola na wao wakaombea Gatumba, kila upande na siku yake, kila upande na machozi yake. Tulikaa benchi moja, tukashiriki kikombe kimoja, na hakuna aliyewahi kutamka msiba wa mwenzake kwa sauti.

Hilo ndilo giza. Halina pembe wala mkia. Linavaa suti ya kwaya.

Siku mzee mmoja wa Kibembe, mtu wa upande wetu aliyezika ndugu zake, aliposimama mwezi wa Agosti na kuomba kwa ajili ya watoto wa Gatumba, kanisa lilinyamaza kwa muda mrefu. Kisha mama mmoja Munyamulenge akaanza kulia, na kilio chake hakikufanana na vilio tulivyovizoea. Wapo waliomkasirikia yule mzee. Wengine walihama kanisa. Nuru ikiingia si wote wanaofurahi. Lakini mimi nilikuwepo, na nasema katika miaka yangu yote ya mikesha sijawahi kuliona giza likirudi nyuma kama lilivyorudi siku ile, na hakuna aliyelikemea.

Kuna vijana waliotutangulia katika njia hii. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, waasi waliingia bwenini alfajiri wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Walishikana, wakabaki pamoja. Arobaini waliuawa. Walikuwa vijana waliokuwa wakila meza moja, wakicheza mpira pamoja, katika nchi iliyokuwa inapigana vita tangu 1993, na viongozi wao walikuwa wamewazoesha kuzungumza juu ya kabila mezani, kwa uwazi, kabla ya siku ile. Hilo la mwisho wengi wanaosimulia habari za Buta wanaliruka. Ujasiri wa dakika moja ulitayarishwa na mazungumzo ya miaka.

Niruhusiwe sasa kuisema nchi inayotuhifadhi, maana Malawi nayo ina somo ambalo wakimbizi wengi hatukuletewa. Katika miaka ya 1960 serikali ya Kamuzu Banda, kiongozi wa kwanza wa Malawi huru, iliifanya Dzaleka kuwa gereza la watu waliopingana naye. Mashahidi wa Yehova, waliopigwa marufuku mwaka 1967, walipigwa, walifukuzwa makwao na kufungwa kwa kukataa kununua kadi ya chama cha Banda, kadi ya bei ndogo sana ambayo mtu angeweza kuinunua na kuisahau mfukoni. Mafundisho yao siyakubali. Lakini walikataa kuwa na sura mbili, moja ya mchana na nyingine ya moyoni, na kwa hilo nawaheshimu.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992, ya kwanza ya Kwaresima. Maaskofu Wakatoliki wa Malawi, wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre, waliandika barua ya kichungaji, nayo ikasomwa siku hiyohiyo katika makanisa ya Kikatoliki nchi nzima. Nimeisoma. Kilichonishangaza ni kwamba haikulikemea giza kwa jumla. Ilitaja mambo: pengo kati ya matajiri na maskini, mishahara, hospitali zisizo na dawa, shule, rushwa, watu wanaofungwa bila kuhukumiwa, wananchi wanaoogopa kusema ukweli. Maaskofu waliitwa na polisi wakahojiwa, na mmoja wa waliotia sahihi, Monsinyori John Roche, aliyekuwa Mwairishi, alifukuzwa nchini. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Juni 1993, Wamalawi walipiga kura ya maoni kuchagua kati ya chama kimoja na vyama vingi. Alama ya chama kimoja ilikuwa jogoo mweusi. Alama ya vyama vingi ilikuwa taa ya chemli. Taa ilipata zaidi ya asilimia 60 ya kura. Na mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza pakawa kambi ya wakimbizi, mwaka uleule makanisa ya Rwanda yalipojaa maiti.

Nalileta hili kwa sababu ya namna ya kusema. Barua ile ilifanya kazi kwa kuwa ilitaja. Sisi kwenye mikesha yetu tunapiga kelele juu ya giza bila kutaja hata tendo moja, na giza halina hofu na kelele.

Lipo, kwa mfano, jambo ambalo kila mtu mzima wa Dzaleka analijua. Juni 2022 Umoja wa Mataifa na polisi wa Malawi walitangaza kwamba watu zaidi ya 90 wametambuliwa hapa kambini kuwa waathirika wa biashara ya kuuza binadamu, wengi wao vijana wa kiume wa Ethiopia, pamoja na wanawake na wasichana wa Ethiopia, Burundi na Kongo. Oktoba ya mwaka huo huo, katika wilaya ya Mzimba, kaskazini, ukifuata barabara hii hii inayopita mji jirani wa Lumbadzi, kaburi moja lilifukuliwa likiwa na miili isiyopungua 25, nayo ikaaminika kuwa ya wahamiaji Waethiopia. Wafanyabiashara hao wa watu hawaishi porini. Wananunua nyanya sokoni petu. Baadhi yao wanasali, na wakisali wanatoa. Mchungaji anapopewa vyombo vya muziki na mtu ambaye kipato chake hakuna anayekielewa, akavipokea akamwombea baraka, kanisa limeshaingia katika biashara ile. Paulo anawaambia Waefeso wasishiriki katika matendo ya giza, tena wayafichue. Sehemu ya kwanza tunaihubiri. Ya pili tunaipita upesi.

Najua atakayeniuliza: mama, wewe huogopi? Naogopa. Kambi ni ndogo na usiku ni mrefu. Ndiyo maana lazima niseme na upande huu: kutembea nuruni si kumwanika kila mtu. Obadia, katika 1 Wafalme 18, aliwaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha, na alikuwa mcha Mungu sana. Binti aliyeponyoka mikononi mwa waliomuuza hapaswi kupandishwa jukwaani Jumapili atoe ushuhuda huku watu wakimrekodi kwa simu. Anapaswa kufichwa, kulishwa, kutunziwa siri. Anayetakiwa kuonekana ni aliyemuuza. Makanisa yetu mara nyingi yamefanya kinyume: yamemfunua mnyonge na kumsitiri mwenye fedha, kisha yakauita utaratibu huo neema.

Katika kikundi chetu cha akina mama tuna likelemba, kila mmoja analeta alichopata, na zamu ikifika anachukua kapu zima. Fedha zinahesabiwa mkekani mchana, kwa sauti, mbele ya wote, na wasichana wawili waliosoma wanaandika katika madaftari mawili tofauti. Wapo waliotuambia kwamba Wakristo wanapaswa kuaminiana bila kuhesabiana. Mimi nawajibu kwamba kuhesabu mbele ya wote ndiyo ibada yetu ya nuru. Kwa sababu ya madaftari yale hakuna mama anayelala akimshuku mwenzake.

Nilifanya biashara ya vitenge Lilongwe miaka kadhaa, soko la Mchesi, nikienda na kurudi kwa minibasi. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na Mei operesheni ya kuwarudisha ikaanza. Sera ya serikali tangu zamani inamtaka mkimbizi aishi kambini. Watu waliokuwa na maduka kwa miaka walifunga kwa haraka. Sitaki kueleza hasara zangu, wengi walipoteza zaidi yangu. Nataka kueleza habari za mwanamke mmoja Mmalawi, muumini wa kanisa la Kipresbiteri la CCAP, aliyeuza viatu vya mitumba karibu nami. Alikuja akaniambia, "Amayi, lete mizigo yako kwangu. Mungu ananiona." Mumewe hakupenda, majirani walimwonya. Aliichukua. Kisha miezi iliyofuata aliuza kitenge kimoja kimoja, akanitumia fedha kwa simu, na nilipokutana naye tena akafungua daftari la shule: kila kitenge, rangi yake, bei yake, tarehe yake. Alikuwa amekata nauli yake mara mbili tu, naye akaniomba radhi kwa hizo mbili.

Isaya 58 inasema nuru yetu itapambazuka lini. Inapambazuka tunapomkatia mwenye njaa mkate wetu, tunapomwingiza nyumbani mtu asiye na makao, tunapoacha kumnyooshea mwenzetu kidole. Nabii aliyasema hayo kwa watu waliokuwa wakifunga na kuomba, tena wakilalamika kwamba Mungu hawaoni. Yule mama wa Mchesi hakuwahi kuniambia habari za mikesha yake. Sijui kama anakesha.

Kwenu wachungaji wa Dzaleka, baba zangu na kaka zangu, nina ombi. Mkesha ujao, kabla ya kulikemea giza, someni mbele ya waumini hesabu za sadaka za mwezi, hadi kwacha ya mwisho. Kataeni zawadi ambayo hamwezi kueleza ilikotoka. Mwacheni mama aliyefiwa alie bila kumtafutia mchawi. Na wekeni katika kalenda ya kanisa siku za misiba ya pande zote, Makobola na Gatumba, Buta na Nyamata, na siku ikifika asimame kuomba mtu wa upande wa pili.

Na wewe msomaji, uko Uvira, Kigoma, Lilongwe au umeshafika Kanada, una kanisa lako na una watu usiowataja. Jumapili hii taja jina la mmoja wao kwa sauti.